Mtambo Usioteleza

Katika chama cha watu wa redio ya ridhaa mtu husamehewa mambo mengi. Husamehewa domo refu, husamehewa kuchelewa, husamehewa hata kupitisha waya wa antena juu ya paa la jirani bila kupiga hodi. Asichosamehewa ni kuteleza. Mtu anawasha mtambo wake, anaanza kugonga ujumbe kwa nukta na mistari, na wenzake wanamsikia kama filimbi ndogo, safi. Kisha valvu, zile taa za kioo za ndani ya mtambo, zinapata moto, vyuma vinatanuka, na filimbi inaanza kushuka. Inashuka, inashuka, mpaka anayemsikiliza anajikuta anazungusha redio yake mbio mbio kama mtu anayefukuza kuku uani. Huko ndiko kuteleza. Na fundi kufuli, mwenye kibanda cha kuchonga funguo nyuma ya kituo cha mafuta, aliteleza siku ya kwanza tu aliyoingia hewani, mbele ya chama kizima, kiasi kwamba salamu yake ilianza kwa wanachama na kuishia kwa nani sijui. Toka siku hiyo wakamwita Mteremko.

Jina likaganda. Likatoka hewani likaingia mtaani, likaingia mpaka sebuleni kwake. Aliyeliingiza ni shemeji yake, ndugu wa mkewe, dereva wa lori la saruji, mtu asiyejua lolote kuhusu redio isipokuwa kuongeza sauti.

"Habari za huko bondeni, shemeji?" alikuwa akisema huku akivua viatu mlangoni. "Mmefika wapi leo? Au bado mnashuka?"

Mteremko alikuwa akicheka kwa meno tu.

Dawa ilikuwepo, tena dukani. Siku hizi wanauza mitambo midogo isiyozidi mkate, haina valvu hata moja, na haitelezi hata ukiipika. Karibu chama kizima kingeweza kuinunua. Lakini wanachama hawa walikuwa watu wa valvu, na mtu wa valvu ukimtajia mtambo wa dukani anakutazama kama umemshauri aoe picha.

"Kile ni kikokotoo chenye antena," Mteremko alikuwa akisema. "Mwanamume anajenga chake."

Basi akajenga. Na hapo ndipo ugomvi wa chumba ulipoanza, maana hewani mtu anahitaji nafasi kidogo tu, lakini nyumbani anahitaji chumba kizima.

Chumba chenyewe kilikuwa cha binti yao. Binti alipoolewa, kitanda kilikuwa hakijapoa, mama alikwisha kupima ukuta kwa utepe: mashine ya kushonea hapa, meza ya kukatia pale, nguo za wateja kwenye kamba ile. Mwanamke huyu alikuwa fundi cherehani wa miaka mingi, na miaka yote hiyo alishonea kwenye ujia kati ya jiko na bafu. Kila aliyekwenda kuoga aliruka vitambaa. Kulikuwa na gauni la mpambe wa bibi harusi lililokanyagwa na viatu vya saruji vya kaka yake, na hadithi yake ilikuwa haijaisha kusimuliwa. Alipotoka sokoni siku hiyo ya kupima ukuta, alikuta mlango wa chumba umefungwa kwa kufuli jipya. Ukioa fundi kufuli, hayo ndiyo mambo yake. Ndani, mumewe alikuwa amekwisha kutandaza valvu, koili, transfoma na mlango wa sefu.

Ndiyo, mlango wa sefu. Benki moja ilikuwa imetupa sefu bovu, yeye akaitwa kulifungua, akaomba mlango wake badala ya malipo. Akaukata, akautoboa, akaufanya kuwa kitako cha mtambo wake. Watu wengine hujengea juu ya bati, na bati likitikisika na mtambo hutikisika. Hiki kitako kilibebwa na wanaume wanne, na mmoja wao akaondoka ameshika kiuno.

Tuseme ukweli, kazi aliifanya. Alipoviringa waya wa koili kwenye kigae chake cha kauri, aliupasha moto kwanza, akauviringa ungali moto, ili ukipoa ujikaze wenyewe usitikisike tena maisha. Koili akaifungia ndani ya sanduku la chuma, valvu yenye joto akaiweka nje ya sanduku, kila moja na chumba chake. Akatia valvu nyingine, ya kushikilia umeme usipande wala kushuka, ikawa inawaka rangi ya zambarau. Alikuwa akiitazama ile zambarau kwa macho ambayo mkewe hakukumbuka kuyaona yakimtazama yeye, hata siku za uchumba.

"Mtambo unao macho mazuri," mkewe alisema mlangoni. "Uulize kama unajua kupika."

"Mama, subiri kidogo tu. Ukitulia huu, mji mzima utanijua."

"Mji unakujua tayari. Wanakuita Mteremko."

Hapo ndipo walipowekeana neno, shemeji akiwa shahidi. Jumamosi alasiri chama kilikuwa na kikao chake cha hewani. Mteremko angeingia na mtambo mpya. Mwenyekiti, mbele ya wote, angesema kama umetulia au umeteleza. Ukitulia, chumba ni cha mtambo na mama asikitaje tena. Ukiteleza, mtambo unahamia ujiani na cherehani inaingia chumbani.

"Mimi mwenyewe nitausukuma," alisema shemeji. "Lori ninalo."

Alhamisi Mteremko aliujaribu. Alikuwa na kipande cha fuwele ndani ya kikebe, na fuwele ya namna hiyo inalia mahali pamoja tu, haijui kwingine. Aliitumia kuweka alama mbili kwa tupa kwenye duara la mtambo: moja mahali chama kinapokutana, nyingine chini kidogo, pale unapoishia uwanja wa watu wa ridhaa. Chini ya alama hiyo ni mawimbi ya watu wa hali ya hewa, na raia hagusi. Kisha akaulinganisha mtambo na fuwele, akapata filimbi nyembamba redioni, akakaa akasikiliza. Mkewe alikuwa ujiani anashona shati. Mkewe huyu ni mwimbaji wa kwaya, na sauti ikipotoka hata kwa unywele, yeye hujikuna shingo.

"Mama! Unaisikia hii?"

"Naisikia toka nilipoanza kola."

"Imepanda au imeshuka?"

Mashine ikanyamaza. Mwanamke akasikiliza kwa haki, ingawa haki ile ilikuwa inamlia chumba chake.

"Haijasogea," alisema. Kisha akaongeza kwa uchungu, "Kola nimemaliza, mikono nimetia yote miwili, na haijasogea."

Mteremko alivimba kichwa hata kofia ikamkataa. Mtu akipata hukumu kama hiyo kutoka kwa adui wa kesi yake, angefaa kufunga jalada. Lakini mkewe hakuwa mwanachama. Sikio la mkewe halikuwa na cheo. Yeye alitaka kuambiwa na Mwenyekiti.

Sasa huyu Mwenyekiti. Alikuwa mkuu wa bima mstaafu, mwenye sauti ya kuwaambia watu kwamba fidia yao haitalipwa. Mtambo wake ulitoka kwenye meli iliyovunjwa, mkubwa kama kabati la nguo, na aliuweka mbele ya dirisha ili wapita njia waone taa zake. Dirisha hilo lilipokea jua la alasiri lote. Kwa hiyo Jumamosi, jua likiupiga kwa nje na valvu zikiuchoma kwa ndani, mtambo wa Mwenyekiti ulishuka kama ndoo kisimani. Uliteleza kuliko wa mtu yeyote.

Ila hakuna aliyewahi kumwambia. Daktari wa meno, ambaye ni katibu, alipomsikia anashuka alizungusha chake kidogo akamfuata. Mwalimu mstaafu wa hesabu akamfuata daktari. Wengine wakawafuata hao wawili. Mwanzoni ilikuwa adabu. Baadaye ikawa desturi. Mwishowe ikaandikwa kwenye kanuni za chama kwamba "wanachama watajipanga kwa Mwenyekiti". Basi kikao kizima kilianza mahali pamoja na kuisha kwingine, wote wameshikana mikono, na kila mmoja akiapa kwamba hajasogea. Na Mteremko siku zake za mwanzo, kwa ule mtambo wake mbovu, hakuwa na njia ya kujua. Mtu anayeanguka hawezi kuona kwamba wenzake nao wanaanguka, anaona tu wamekaa naye sawa au wamemzidi.

Jumamosi ikafika. Mteremko alikuwa ameuwasha mtambo toka asubuhi ili upate moto wake wote kabla ya mashahidi. Mkewe alikuja akasimama mlangoni, utepe shingoni, pini mdomoni. Shemeji akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mbona haisemi kitu?" aliuliza shemeji.

"Inasema. Ile pi-pi-pii ndiyo maneno."

"Mimi lori likisema hivyo napeleka gereji."

Mwenyekiti akafungua kikao. Daktari akaitikia, Mwalimu akaitikia, wengine wakafuata. Mteremko akashika kigongeo chake akagonga salamu: nipo, mtambo mpya, nasikikaje? Wakamjibu anasikika vizuri sana, sauti kama kengele. Alimtazama shemeji kama anayemwambia umesikia, ingawa shemeji hakusikia kitu.

Kisha Mwenyekiti akaanza hotuba, na filimbi yake ikaanza kushuka.

Mteremko alidhani ni redio yake. Akaifungulia fuwele: redio haikuwa na kosa. Akasikiliza tena. Mwenyekiti anashuka. Daktari anaingia kumjibu, naye yuko kule chini kwa Mwenyekiti. Mwalimu anaingia, yuko kule kule. Chama kizima kilikuwa kinateremka polepole, kwa heshima, kama watu wanaosindikiza jeneza. Na yeye peke yake alikuwa amesimama palepale walipokutana.

Zamu yake ilipofika aligonga kwa furaha ya mtu aliyeona siri ya nyumba ya watu. Jibu la Mwenyekiti likaja: MTEREMKO UNATELEZA. UMEPANDA.

Alishika kichwa. Kupanda! Valvu ikipata moto mtambo hushuka. Huo ndio ugonjwa unaojulikana. Mtambo wa kupanda juu kwa joto hajauona mtu. Lakini Daktari naye akagonga: NATHIBITISHA, UMEPANDA. Na Mwalimu, aliyefundisha hesabu maisha yake yote, akagonga: MIMI PIA.

"Wanasemaje?" aliuliza mkewe, pini zikicheza mdomoni.

"Wanasema nisogee kidogo."

"Usogee wewe au mtambo?"

"Mama, tafadhali. Niko hewani."

Kulikuwa na mambo mawili ya kufanya. Angeweza kugonga: Mwenyekiti, wewe ndiye unayeteleza, na hawa wote wanakufuata, mimi ninayo fuwele hapa mezani. Vidole vyake viliujua kila mstari wa sentensi hiyo. Lakini aliwafikiria watu wale wakimsikiliza, mkuu wa bima na daktari na mwalimu, na yeye mchonga funguo wa nyuma ya kituo cha mafuta. Akaitazama na ile meza. Akaitazama zambarau.

Akashika kirungu cha kuzungushia mtambo, ule mtambo aliotumia miezi ya maisha yake kuuzuia usisogee, akausogeza.

Filimbi ikashuka. Mkewe akajikuna shingo.

"Mbona umezungusha?"

"Nimerekebisha."

"Ulikuwa umeharibika?"

VIZURI, aligonga Mwenyekiti, na huku anashuka zaidi. Mteremko akazungusha tena. VIZURI ZAIDI. Akazungusha tena. Kila alipozungusha, chama kilimsifu. Na sindano ya duara ikawa inaisogelea ile alama ya pili ya tupa, ile ya mwisho wa uwanja. Akaiona. Usiseme hakuiona. Alama aliikata yeye mwenyewe, kwa mkono uleule uliokuwa unazungusha. Sindano ikaigusa, ikaipita, na Mwenyekiti akagonga maneno ambayo fundi kufuli aliyangoja toka siku ile ya salamu iliyopotea: SASA UMETULIA KABISA. HONGERA. TOKA LEO SI MTEREMKO, NI IMARA.

"Amesema!" aliruka. "Amesema nimetulia! Shemeji, amesema!"

"Amesema nini hasa?" shemeji aliuliza. "Mimi nimesikia pi-pi."

Simu ya mezani ikaita. Alikuwa Daktari, anampongeza kwa sauti, na shemeji akaichukua mwenyewe akasikia kwa masikio yake. Akairudisha taratibu, akamtazama dada yake.

"Ametulia," alisema. "Daktari wa meno anasema."

Basi Imara akarudi mezani kushukuru. Na hapo, wenzake wakiwa wanayumba yumba juu ya mpaka na chini ya mpaka, yeye akaketi ndani kabisa ya mawimbi ya watu wa hali ya hewa, akagonga hotuba ya shukrani ndefu kuliko ya Mwenyekiti. Aliwashukuru wazee, akaishukuru kamati, akaeleza habari za mlango wa sefu, akaeleza namna ya kuviringa waya ungali moto. Sauti kama kengele. Haikusogea hata unywele. Mkewe hakungoja mwisho wake; alirudi ujiani, akaketi, na ile mashine ya miguu ikaanza kupigwa kama vile ina deni naye.

Afisa wa masafa, mtu wa serikali anayesimamia mawimbi, alikuja katikati ya wiki, saa za kutoka kazini. Alikuwa mtu mpole, mwenye begi na uso wa mtu asiyependa ugomvi. Alivua viatu, akaruka kitambaa ujiani, akasema "samahani mama", akaruka na cha pili, akaingia chumbani.

"Huu ndio?" aliuliza.

"Ndio wenyewe," alisema Imara, na moyo wake mjinga ukadhani amekuja kusifu.

Afisa akasifu kweli. Aligonga kitako kwa kucha, akauliza ni chuma gani, akaambiwa ni mlango wa sefu, akacheka vizuri. Akatoa kipimo chake, akauomba uwashwe, akaupima wakati wanakunywa chai. Chai ikaisha. Akatazama kipimo, akatikisa kichwa.

"Mzee, mimi katika kazi yangu sijaona wa valvu uliotulia hivi."

"Niliwaambia!" Imara alipaza sauti kuelekea ujiani. "Mama, umesikia?"

"Ndiyo maana nimekuja," aliendelea afisa. "Jumamosi watu wa hali ya hewa walilalamika. Mmewaingilia. Wenzako tulishindwa kujua wako wapi, mara wako ndani, mara wako nje, mara hatujui. Lakini wewe ulikaa. Ulikaa pale mpaka mpimaji wetu akaenda kula akarudi, bado unaeleza habari za waya."

Imara akaweka kikombe chini.

"Sasa," afisa akafungua begi, akatoa kalamu, akaiweka mezani bila haraka, "kuna mambo mawili. Inawezekana mtambo ulipotea wenyewe kwa joto. Hiyo ni ajali. Nakuonya kwa mdomo, unaurekebisha, nakuja kuutazama tena, yamekwisha. Au inawezekana uliupeleka kule kwa mkono wako. Hayo ni makusudi, na kwa makusudi natia lakiri, mtambo usiwashwe, na leseni inakaa kwangu mwaka mzima. Mimi sikuwepo. Nitaandika utakachosema."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Hesabu yenyewe alikwisha kuielewa. Neno moja tu, "uliteleza", na kila mtu alikuwa na chake. Afisa angerudi kwake mapema. Leseni ingebaki. Na mtambo ukiwa umeteleza, tena kwa kinywa cha mwenyewe, mbele ya serikali, basi chumba ni cha cherehani.

"Wenzangu wamesemaje?" aliuliza Imara.

"Wote waliteleza."

"Na Mwenyekiti?"

"Yeye ndiye wa kwanza. Alipiga simu mwenyewe kabla hatujamtafuta. Akasema wake una kawaida ya kuteleza jua likiwa kali."

"Una kawaida!" Imara alisimama. "Miaka yote anatuambia haujasogea! Amenichafulia jina mbele ya watu kwa kuteleza kwake yeye!"

"Hayo mtamalizana chamani, mzee. Wako je? Uliteleza?"

Alifungua kinywa. Alitaka kusema. Alikuwa na mke anayeshonea mlangoni pa bafu, alikuwa na leseni aliyoisotea, na wenzake wote wamekwisha kumwonyesha njia. Aligeuza macho yakaangukia sanduku la koili. Akaikumbuka harufu ya ule waya wa moto.

"Uli…" alianza.

"Uliteleza?" afisa alimsaidia, kalamu imeshika karatasi.

"Huu?" sauti ilimtoka kama amekanyagwa. "Huu uteleze? Umeupima mwenyewe! Umekunywa chai unautazama! Huu hautelezi, bwana, hautelezi leo wala kesho. Niliupeleka mimi. Kwa mkono huu. Niliuona mpaka na nikaupita."

"Kwa nini?"

Imara aliitazama leseni ukutani. "Waliniita," alisema. "Walikuwa wako kule wote."

Afisa alimtazama kidogo kwa huruma, kisha akaandika, maana huruma haina mahali pake kwenye karatasi. Akapitisha waya kwenye swichi ya mtambo, akaubana kwa lakiri ya risasi, akachukua leseni ukutani pamoja na fremu yake. Mlangoni aliruka vitambaa vyote viwili bila kukosea.

Alipoondoka tu, mkewe alipasuka.

"Neno moja! Neno moja lilikushinda! Jumamosi ulikuwa unazungusha kama feni kumridhisha mzee wa bima, leo kwa ajili yangu mimi ndipo umegundua ukweli?"

"Mama, nisingeweza kuusingizia."

"Kuusingizia nani? Chuma? Mimi ungeweza kunisingizia!"

Shemeji aliletwa jioni hiyo kuamua, kwa kuwa ndiye shahidi. Alisikiliza pande zote mbili, akakuna kidevu, akatoa hukumu kwamba kwa mujibu wa maneno yaliyosemwa, Mwenyekiti alisema umetulia, kwa hiyo chumba ni cha mume. Dada yake akamtazama.

"Chumba chake cha kufanyia nini? Kutazama lakiri?"

"Mimi nimesema sheria tu," shemeji alisema, akatafuta viatu vyake.

Hakuna aliyetoa ruhusa na hakuna aliyekataza. Ijumaa Imara aliporudi kutoka kibandani alikuta cherehani iko chumbani, meza ya kukatia iko chumbani, kamba imefungwa, na majirani wanne, wale wale wa kiuno, wamekwisha kuusukuma mtambo mpaka pembeni. Juu ya mlango wa sefu palikuwa na marundo ya nguo za wateja, zimekunjwa. Chumbani kulikuwa na soketi ya umeme, ambayo ujiani haikuwepo, na mkewe alikuwa amekwisha kufunga mota kwenye mashine yake. Alikuwa anaijaribu kwa mguu, anaibonyeza, inanguruma, anaiachia, anacheka peke yake.

Redio ya kupokelea haikutiwa lakiri. Kusikiliza hakuhitaji leseni. Imara akaibeba akaiweka ujiani, kwenye kigoda, kati ya jiko na bafu. Jumamosi alasiri akavaa visikizio vyake akakaa. Kikao kikafunguliwa. Hawakumtaja. Baadaye kidogo Mwalimu aliuliza Mteremko yuko wapi, na Mwenyekiti akagonga kwamba yule bwana alikuwa na tatizo la siku nyingi la kutotulia, chama kilimvumilia, lakini ndiyo hivyo. Daktari akathibitisha. Filimbi zao zikaanza kushuka, moja, ya pili, ya tatu, na Imara akawa anazungusha kuwafuata, ili asipitwe na neno.

Kisha mota ya cherehani ikawashwa, na masikioni mwake ukajaa mngurumo mtupu. Akangoja. Ukakatika; akasikia nusu ya sentensi, Mwenyekiti anamsifu mtu fulani kwa kutulia. Ukawaka tena.

"Mama!" aliita. "Zima kidogo, wananisema!"

"Namalizia pindo," mkewe alijibu kutoka chumbani.

Lilikuwa pindo la pazia la ukumbi mzima, ukuta hadi ukuta.